Charles Parsons: mhandisi aliyefuatilia mapovu yanayotafuna rafadha za meli

Katika bandari ya Rumonge, kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, alfajiri huanza kwa boti kurejea na ndagala na mukeke waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Boti ikishafika ufukweni na injini yake kuinuliwa, rafadha, ambayo wengine huiita pangaboi, hubaki wazi mbele ya macho ya kila mpita njia. Nyingi zina kingo zilizomegeka kwa kugonga mawe na mchanga. Lakini mara nyingine mgongoni mwa bawa la rafadha huonekana kitu tofauti: vishimo vidogo vidogo vilivyosongamana, mfano wa mti uliotobolewa na wadudu, mahali ambapo hakuna jiwe lililogusa.

Vishimo hivyo vimechimbwa na maji. Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wengine katika kuonyesha namna maji yanavyoweza kuchimba chuma alikuwa mwana wa familia ya kitajiri ya Ireland, mwenye haya na asiyejua kuhutubia, aliyefariki dunia mwaka 1931. Jina lake ni Charles Algernon Parsons. Vitabu vingi humtaja kama mvumbuzi wa turbini ya mvuke, na ni haki yake. Makala hii inamtazama zaidi katika jambo lile lililokaribia kumfilisi, nalo ni mapovu.

Parsons alizaliwa London tarehe 13 Juni 1854, akiwa mtoto wa kiume wa mwisho wa William Parsons, Earl wa tatu wa Rosse. Alikulia katika kasri la Birr, katikati ya Ireland, ambako baba yake alikuwa amejenga darubini iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kwa zama hizo. Kioo chake kilikuwa cha madini, chenye upana wa mita 1.83, nacho kilisuguliwa hapo hapo nyumbani kwa mashine iliyoendeshwa kwa mvuke. Mama yake, Mary, alikuwa mpiga picha hodari na mjuzi wa kazi za uhunzi. Watoto hawakupelekwa shule. Walifundishwa nyumbani na walimu walioajiriwa, wengine wakiwa wanafalaki wa darubini ile, na saa zilizobaki walizimaliza karakanani. Mtoto aliyekua katika nyumba hiyo alijua mapema kwamba tofauti kati ya uso laini na uso usio laini, hata ile isiyoonekana kwa jicho, inaweza kuharibu kazi ya miaka.

Alijua pia kwamba mashine huua. Tarehe 31 Agosti 1869, yeye akiwa na umri wa miaka 15, familia ilipanda gari la mvuke lililotengenezwa nyumbani. Kwenye kona ya barabara, Mary Ward, binamu wa familia na mwanasayansi aliyejulikana kwa vitabu vyake vya hadubini, alianguka na kukanyagwa na gurudumu. Anahesabiwa kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa duniani kuuawa na gari lenye injini.

Baada ya masomo ya Dublin, Parsons aliingia Cambridge na kuhitimu mwaka 1877 akiwa miongoni mwa wanafunzi bora wa hisabati. Vijana wa tabaka lake kwa kawaida walielekea siasani, jeshini au kanisani. Yeye alivaa nguo za kazi na kuwa mwanagenzi katika viwanda vya Armstrong huko Elswick, Newcastle, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Mwaka 1884, akiwa mbia mdogo wa kampuni ya Clarke Chapman mjini Gateshead, alitengeneza turbini yake ya kwanza ya kuzalisha umeme. Ilizunguka mara 18,000 kwa dakika. Siri yake ilikuwa kutouachia mvuke nguvu zake zote kwa pigo moja. Aliupitisha katika safu nyingi za mabawa madogo, kila safu ikichukua sehemu ndogo tu ya shinikizo.

Alipoachana na wabia wake mwaka 1889 ili kufungua kiwanda chake huko Heaton, hataza za uvumbuzi huo zilibaki mikononi mwao. Kwa miaka kadhaa alilazimika kubuni turbini ya namna nyingine ili asivunje sheria ya kutumia kazi yake mwenyewe. Hataza zilirudi mwaka 1894. Mwaka huohuo aliunda kampuni nyingine ya kuonyesha kwamba turbini yaweza kuendesha meli, na hapo ndipo maji yalipomkatalia.

Chombo cha majaribio kiliitwa Turbinia. Kilikuwa na urefu wa mita zipatazo 31 na upana usiofika mita 3, chembamba kama mtumbwi wa mashindano. Kilishushwa majini Agosti 1894, na Novemba kikajaribiwa. Turbini ilizunguka kwa nguvu, moshi ukatoka, rafadha ikavuruga maji. Chombo hakikufika hata noti 20, yaani kilomita 37 kwa saa. Rafadha ikabadilishwa, kisha nyingine, na nyingine tena, hadi saba zikajaribiwa. Wawekezaji walikuwa wakisubiri. Adui mwepesi wa kulaumiwa alikuwa turbini, kitu kipya ambacho wahandisi wengi wa meli hawakukiamini. Parsons akatengeneza kifaa cha kupima nguvu iliyokuwa ikipita katika shafti, na vipimo vikaonyesha kwamba turbini ilitoa nguvu iliyotarajiwa. Nguvu hiyo ilikuwa ikipotelea kwenye rafadha.

Wengine walikuwa wamekwisha kukutana na shida hiyohiyo. Kabla ya hapo, meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Daring ilikuwa imeshindwa kufikia mwendo wake hadi ilipopewa rafadha zenye mabawa mapana zaidi, na wahandisi wake, John Thornycroft na Sydney Barnaby, walieleza kwamba maji yalikuwa yakikatika nyuma ya mabawa na kuacha nafasi tupu. Jambo hilo likapewa jina ambalo kwa matamshi yetu ni kavitesheni.

Maelezo yake si magumu kwa mtu wa Burundi. Mpishi aliyehama kutoka Rumonge kwenda milima ya Bururi anajua kwamba kule juu maharage huchelewa kuiva. Maji huko huchemka upesi kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa sababu hewa inayoyagandamiza ni chache. Ukizidi kupunguza shinikizo, maji yatachemka hata yakiwa baridi. Sasa, maji yanapokimbizwa kwa kasi juu ya mgongo wa bawa la rafadha, shinikizo lake hushuka. Kasi ikizidi mno, shinikizo hushuka hadi maji yanageuka mvuke papo hapo, ziwani au baharini, bila moto wowote. Bawa likishafunikwa na mapovu, halina tena kitu kizito cha kusukuma, nayo injini hutumia mafuta bure.

Parsons hakuridhika kulisikia jambo hilo, alitaka kuliona. Mwaka 1895 alijenga chombo kidogo cha shaba chenye umbo la mzunguko uliofungwa, ambamo maji yalikwenda na kurudi yakipita mbele ya rafadha yenye upana wa sentimita 5 tu. Kwa pampu aliiondoa hewa ya juu, na kwa moto aliyapasha maji hadi karibu ya kuchemka, ili mapovu yatokee kwa mwendo mdogo. Kupitia dirisha la kioo alimulika rafadha kwa taa kali iliyoakisiwa na kioo kinachozunguka sambamba nayo, na macho yakaiona rafadha kana kwamba imesimama, huku mapovu yakiwa yameng'ang'ania mabawa yake. Nadhani kati ya kazi zake zote hii ndiyo iliyomwonyesha alivyo. Hakuwa na fedha za kujaribu rafadha kubwa milele, akalishusha tatizo la bahari hadi likaenea juu ya meza. Chombo hicho bado kimehifadhiwa Newcastle, na kila hodhi kubwa la kupimia rafadha duniani leo ni mjukuu wake.

Alichojifunza ni kwamba kazi ya kusukuma igawanywe katika eneo kubwa zaidi la mabawa, ili hakuna bawa linalolazimika kuyavuta maji kupita kiasi. Turbini moja ya Turbinia iliondolewa, zikawekwa tatu, kila moja na shafti yake, na kila shafti ikapewa rafadha tatu. Kwa rafadha hizo tisa chombo kilivuka noti 34, kilomita 63 hivi kwa saa. Hapakuwa na meli yenye kasi hiyo duniani. Tarehe 26 Juni 1897, manowari za Uingereza zilipopangwa safu kwa safu huko Spithead kuadhimisha miaka 60 ya utawala wa Malkia Victoria, Turbinia ilipita katikati yao mbele ya wageni wa mataifa, na boti za doria zikashindwa kuifikia. Kisa hicho husimuliwa mno, pengine kuliko kinavyostahili, na mara nyingi kile chombo cha shaba cha mezani husahauliwa.

Mafanikio hayakuja bila maafa. Manowari mbili za kwanza zenye turbini, Viper na Cobra, zilipotea zote mwaka 1901. Viper iligonga miamba katika ukungu bila kuua mtu. Cobra ilikatika vipande viwili katika Bahari ya Kaskazini mwezi Septemba, na watu 67 wakafa, wakiwamo wafanyakazi wa Parsons mwenyewe. Uchunguzi uliona udhaifu katika mwili wa meli, wala si katika turbini. Hata hivyo mwaka huohuo meli ya abiria King Edward ilianza safari katika mto Clyde, Scotland, kwa turbini zake, na baada yake zikafuata manowari Dreadnought mwaka 1906 na meli kubwa za Atlantiki, Lusitania na Mauretania, mwaka 1907.

Kutoka mapovu hadi vishimo

Ni meli hizo kubwa zilizoleta swali la pili. Rafadha zake zilirudi bandarini zikiwa zimeliwa vibaya, baadhi ya sehemu zikiwa kama sifongo. Wengi walidhani ni kutu, au chumvi, au ubovu wa madini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Parsons na msaidizi wake Stanley Cook waliingia tena katika majaribio, na matokeo yao yakatolewa mwaka 1919.

Walichoonyesha ni kwamba madhara hayafanywi na povu linapozaliwa. Hufanywa linapokufa. Povu la mvuke likisogea hadi mahali ambapo shinikizo limerudi, mvuke ule hugeuka maji ghafla, na maji ya pembeni hukimbilia nafasi iliyoachwa, yakagongana katika nukta moja. Mwanafizikia Lord Rayleigh alipiga hesabu ya mgongano huo mwaka 1917 na kupata shinikizo la kutisha. Parsons na Cook waliuthibitisha kwa njia ya kikarakana: walisukuma kwa nguvu ndani ya maji pia tupu ya madini iliyofungwa nchani kwa bamba jembamba. Nafasi tupu iliyotokea ndani yake ilipofungwa na maji, bamba likatoboka. Maji matupu yalikuwa yametoboa madini kama msumari.

Hapa ndipo suala la ulaini wa uso linapoingia, ingawa sehemu kubwa ya majibu ilipatikana baada ya Parsons kufariki. Maji yanayopita juu ya kinundu kidogo hulazimika kuongeza kasi ili kukivuka, na nyuma yake hujikunja na kufanya vimbunga vidogo. Katika nukta hiyo shinikizo huwa chini kuliko penginepo pote kwenye bawa. Kwa hiyo uso wenye vinundu huanza kutoa mapovu mapema, kwa mwendo ambao uso laini ungeuvumilia bila shida. Katika miaka ya 1940, uchunguzi wa Marekani ulioongozwa na Newton Harvey uliongeza sababu ya pili: ndani ya nyufa na mikwaruzo midogo hujificha hewa ambayo maji hayakuweza kuifukuza, na hewa hiyo huwa mbegu ya povu. Maji safi kabisa yasiyo na mbegu hukataa kupasuka hata shinikizo likishuka mno. Mkwaruzo huyarahisishia kazi.

Matokeo yake ni mzunguko mbaya. Povu huchimba kishimo, kishimo huufanya uso uparuze, na uso unaoparuza huzaa mapovu zaidi. Si kila uparuzaji una hatari sawa. Ngazi moja kali inayoukabili mkondo, kama kovu la kulehemu lililoachwa bila kusawazishwa, huwa mbaya kuliko uso mzima uliokwaruzika kidogo kidogo. Mwaka 1983, katika bwawa la Glen Canyon nchini Marekani, maji ya mafuriko yalipitishwa kwa kasi katika handaki la zege. Vinundu vya chokaa vilivyokuwa vimeganda ukutani vilitosha kuanzisha mapovu, nayo yakachimba shimo lenye kina cha takriban mita 10 ndani ya zege na mwamba. Wahandisi walilitengeneza handaki na kuliwekea mfereji wa kuingiza hewa, kwa kuwa hewa iliyochanganyika na maji huwa kama godoro kwa povu linalovunjika.

Kwa Burundi habari hii haiishii kwenye meli. Magurudumu ya mitambo ya umeme wa maji, iwe ile ya mto Ruzizi au ya Rwegura, hukabiliwa na adui huyohuyo, na mito yetu ya milimani humsaidia adui kwa kubeba mchanga unaokwaruza madini. Milima iliyo juu ya Rumonge ina mradi wake wa umeme katika mito ya Jiji na Mulembwe. Fundi wa mitambo ya namna hiyo hupaswa kuifungua, kujaza vishimo kwa kulehemu na kusugua hadi uso urudi laini, na kusugua ndiko kusikostahili kufupishwa.

Ziwa Tanganyika nalo lina jambo lake. Uso wake uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa inayoukandamiza ni pungufu kwa takriban asilimia 9 ikilinganishwa na ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Kwa rafadha, hiyo ni sawa na kuinuliwa karibu mita moja kuelekea juu ya maji, na kila mwendesha boti anajua kwamba rafadha ya injini ndogo haizami hata mita moja. Uvuguvugu wa maji ya ziwa huongeza kidogo tu. Kwa hiyo, vitu vingine vikiwa sawa, rafadha iliyotulia baharini inaweza kuanza kutoa mapovu ikiletwa Rumonge.

Inafaa hata hivyo kutochanganya mambo mawili. Injini inapopiga kelele ghafla boti ikirukaruka juu ya mawimbi, mara nyingi ni kwa sababu rafadha imevuta hewa kutoka juu. Hiyo si kavitesheni, na haichimbi madini. Tiba yake ni kushusha injini au kupanga mzigo upya. Kavitesheni hutokea rafadha ikiwa imezama vizuri, na dalili zake ni mtetemo, sauti kama ya changarawe, na vile vishimo vya mgongoni. Rafadha iliyogonga jiwe kisha ikanyooshwa kwa nyundo na kubakizwa na makovu ya tupa hutumia mafuta zaidi kwa mwendo uleule. Katika nchi ambako petroli imekuwa adimu miaka hii, na mvuvi hununua lita zake kwa shida, saa moja ya kusugua mabawa hadi yawe laini, bila kuyapunguza unene wala kuyabadili umbo, ina thamani yake.

Miaka ya mwisho

Parsons alipewa cheo cha Sir mwaka 1911 na nishani kubwa ya Order of Merit mwaka 1927. Mwaka 1912 kiwanda chake kilikuwa kimejenga turbini ya kilowati 25,000 kwa ajili ya mji wa Chicago. Fedha nyingi na miaka mingi alivitumia kutafuta namna ya kutengeneza almasi kwa joto na shinikizo, akashindwa. Mwaka 1925 alinunua kampuni ya darubini ya Grubb iliyokuwa ikifilisika, akarudi kwenye kazi ya baba yake ya kusugua vioo.

Nyumbani majonzi yalikuwa mazito. Mwanawe wa pekee, Algernon, aliuawa vitani mwaka 1918. Binti yake, Rachel, aliyesomea uhandisi na kusaidia kuongoza kiwanda wakati wa vita, alikosana naye baada ya amani kurudi, wanaume walipodai nafasi zao. Mwaka 1919 Rachel na mama yake Katharine walikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wanawake wahandisi cha Uingereza, naye Rachel akawa rais wake wa kwanza.

Sir Charles Parsons alifariki dunia tarehe 11 Februari 1931, akiwa na umri wa miaka 76, ndani ya meli Duchess of Richmond iliyokuwa katika maji ya Jamaica. Meli hiyo ilikuwa ikiendeshwa kwa turbini za mvuke. Mwili wake ulirudishwa Uingereza na kuzikwa katika kijiji cha Kirkwhelpington, Northumberland. Turbinia, pamoja na rafadha zake, inaonekana hadi leo katika jumba la makumbusho la Discovery mjini Newcastle.